Wimbo wa Batri Zilizochoka

Feza mama, binti yangu,

Ninakuandikia ukiwa bado hujatoka. Umekwenda ng'ambo ya soko kumuaga shangazi yako, na mama yako yuko jikoni anakaanga karanga za njiani. Yeye amekwisha kukuambia yote ya safari: maji, dawa ya malaria, usilale kwa mtu usiyemjua, treni ya Kongolo ikichelewa vumilia na usipande lori. Sina la kuongeza hapo. Mimi nina jambo moja tu, nalo liko ukutani mbele yangu, limening'inia kwenye msumari.

Umemwambia mama yako kwamba gita unaiacha. "Lubumbashi naenda kusoma, mama. Ile kitu ibakie na baba, iko yake." Nilikuwa nyuma ya pazia, nikasikia. Hukusema kwa hasira. Ulisema kama mtu anayeacha sufuria nyumbani kwa sababu mzigo umejaa. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Utanivumilia mwandiko wa mgonjwa.

Ninajua kwa nini unaiacha. Siku ya ndoa ya binti wa kaka yangu, wewe na wenzako mliupiga ule wimbo wa zamani wa roki niliokufundisha ulipokuwa mdogo. Lakini uliuchukua mbio, halafu katikati ukaushusha, ukaujaza vidole vyako mwenyewe. Vijana walisimama. Hata wamama wa kwaya walisimama. Kisha nikapewa kipaza sauti niseme neno, kwa kuwa ni mzee wa ukoo na prefe wa zamani, mkuu wa shule, nami nikasema: "Tuwashukuru watoto. Lakini niwaambie ukweli, roki ilikufa zamani, na ni siye tuliizika. Hawa wamevaa nguo za marehemu." Watu wakacheka. Walicheka sana, maana kuchekesha watu ninajua. Nilikuona ukiinama. Ulipunguza sauti ya bafle, ile spika yenu, ukachomoa waya, na tangu siku hiyo gita hujaigusa.

Maneno yale hayakuwa mapya, Feza. Nilikwisha kumpiga nayo mtu mwingine, kabla sijamjua mama yako. Sijapata kumwambia mtu yeyote habari hii, na muuguzi aliyekuja juzi hakunificha kitu: utakaporudi likizo sitakuwapo. Basi soma mpaka mwisho, hata ukikasirika katikati.

Uliniuliza siku moja nani aliichonga hii gita. Nikakujibu, "Siye." Haikuwa siye. Aliichonga Amisi.

Amisi alikuwa mtoto wa huko Wamaza, Mubangubangu kwa kabila, Mwislamu aliyekuja kusoma shule ya misheni hapa Kasongo kwa sababu mjomba wake alikuwa na duka. Tulikaa dawati moja. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani na yeye alikuwa wa mwisho, naye hilo halikumsumbua hata kidogo. Aliniita "Mwalimu" tangu tukiwa na kaptula, kwa sababu nilikuwa nikisahihisha kila mtu, hata wazee, hata katekista. Mikono yake ilikuwa na akili yake yenyewe. Mbao alizichonga kwa kisu, sumaku aliitoa katika bafle iliyokufa, nyuzi za kwanza zilikuwa nyaya za breki ya baiskeli, amezifumua moja moja. Babu yake alikuwa mpigaji wa likembe, kale kasanduku kenye ndimi za chuma, na Amisi alizaliwa na sauti ile masikioni.

Wakati huo Mzungu mmoja kijana, fundi wa misheni, alituachia disiki moja, santuri, alipokuwa anarudi kwao. Disiki ya roki. Moja tu. Tulikuwa na mashine ya kuichezesha, ile tuliyoiita pikapu, ya kutumia batri. Batri zenyewe hazikuwa rahisi kupatikana, tulipata zilizokwisha kutumika tu. Zikizidi kuchoka tulizianika juu ya mabati ya bweni, kama watu wanavyoanika mihogo, na jua likishazipasha moto zilirudisha nguvu kidogo, disiki ikazunguka. Tulijifunza wimbo ule hivyo, kwa batri za kuanikwa.

Sasa fikiri. Batri ikichoka, disiki inazunguka polepole. Wimbo unakuwa mzito, sauti ya mwimbaji inashuka kama ya mtu aliye ndani ya kisima. Siye hatukujua. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa kikundi chetu cha muziki, prezida kama walivyoniita, nikasema: hivi ndivyo Wazungu wanavyopiga. Gita haikuweza kushuka mpaka pale, basi nikaamuru tuzilegeze nyuzi. Tukazilegeza mpaka zikawa zinavuma na kukwaruza juu ya mbao.

Amisi ndiye aliyeona. Siku ya kwanza kabisa aliinama karibu na pikapu, akasikiliza, akacheka.

"Mwalimu, hii mashine imechoka. Ule mutu haimbi, iko analala."

"Wewe umeona wapi Mzungu anaimba?"

"Sijaona. Lakini hata Mzungu anapumua. Sikia, iko anavuta pumzi moja kama mutu mwenye kupanda mulima. Mashine imechoka."

Nilimwambia anyamaze, apige kama ilivyo. Akapiga. Lakini kwa kuwa wimbo ulikuwa mzito hivyo, katikati ya neno na neno palibaki nafasi kubwa, tupu, na vidole vyake havikujua kukaa bure. Akaanza kuzijaza. Alitia humo likembe ya babu yake, sauti ndogondogo zinazozunguka na kurudi. Nyuzi zile zilizolegea zikawa zinalia kama zile pete za chuma zinazofungwa kwenye likembe ili zitikisike. Nilimkataza. Aliacha, kesho yake akarudia. Mwishowe nikamwachia, maana bila yeye wimbo ulikuwa unakufa kabla ya kufika mwisho.

Tulikwenda kupiga muziki huko Nyangwe, kando ya mto, kwa baiskeli, bafle imefungwa nyuma kama mbuzi. Watu wa mto wale hawashangai upesi. Walikuja na samaki wao na kelele zao, na tulipoanza ule wimbo wakanyamaza mmoja mmoja. Hawakucheza ngoma siku ile. Walikuwa wanayumba tu pale waliposimama. Tulipomaliza, mama mmoja muuza samaki alimwendea Amisi, si mimi, akamwambia: "Wimbo wenu unatembea kama mutu mwenye kubeba mutoto mugonjwa. Hakimbii, lakini hasimami." Nilikasirika kwamba hakuniambia mimi. Nikamfafanulia kwamba ni wimbo wa Ulaya. Akaniangalia kana kwamba nimemwambia na mvua ni ya Ulaya.

Baadaye nilipata nafasi ya chuo kikuu, huko huko unakokwenda wewe. Na huko Lubumbashi, katika chumba cha mwanafunzi mmoja mwenye umeme wa kweli ukutani, niliisikia nakala ya ile disiki. Mwanzoni sikuitambua. Ilikuwa inakimbia. Mwimbaji alikuwa na sauti nyembamba ya kijana, kama kijana yeyote. Nilimwomba mwenye chumba aipunguze mwendo kidogo. Wakacheka, wakaniuliza kwetu tunasikilizaje muziki. Nikacheka nao, nikasema nilikuwa natania. Kumbe kwa miaka yote ile niliwaongoza watu kuiga mashine yenye njaa ya batri, na mtu mmoja aliniambia mapema, nami nikamnyamazisha.

Hapo ndipo ningeweza kurudi nikamwambia, "Amisi, ulikuwa na haki." Angecheka wiki nzima na mambo yangeisha.

Nilirudi likizo na wanafunzi wenzangu wawili, watu wa mjini. Ilikuwa sikukuu, uwanja umejaa, na kikundi chetu kilikuwa kimetangazwa. Tukapanda jukwaani. Tukaupiga kama tulivyouzoea, mzito, nyuzi zinavuma, Amisi anajaza zile nafasi zake. Watu wa Kasongo walikuwa wanatusikiliza kama walivyosikiliza wa Nyangwe. Lakini nilikuwa nawaangalia wale wawili peke yao. Mmoja alimwinamia mwenzake, wakashikana mabega kwa kicheko. Kisha akapaza sauti kutoka chini, watu wote wakasikia: "Prezida, ni roki hii au ni kilio? Disiki yenu imefiwa?"

Ningeweza kusema mambo mengi. Nilishika kipaza sauti, nikamwonyesha Amisi kwa kidole. Nikasema: "Mwulizeni huyu wa Wamaza. Tangu zamani namwambia, hasikii. Huo mkono wake wa likembe ndio unatuvuta nyuma. Roki inamfia mkononi."

Watu wakacheka. Hata siku ile nilijua kuchekesha watu.

Amisi hakukasirika, ndilo jambo ambalo sijaweza kulisahau. Alinigeukia taratibu, kama mtu anayetaka kunikumbusha kitu nilichoacha nyumbani kwa bahati mbaya.

"Na mashine, Mwalimu?"

Alikuwa ananipa nafasi. Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, mimi na yeye tu tungesikia. Nami nikamjibu ndani ya kipaza sauti:

"Mashine gani?"

Akaivua gita shingoni, akailaza juu ya mbao za jukwaa, vizuri, uso juu, isije ikakwaruzika, akashuka. Alipita katikati ya watu na kesho yake asubuhi alikuwa amekwisha ondoka kwenda Wamaza. Gita ilibaki. Nikaichukua. Watu waliponiuliza baadaye ni ya nani, nilisema ni yangu, na baada ya muda hakuna aliyeuliza.

Tulijaribu kuupiga wimbo kwa mwendo wake wa kweli. Ulitoka vizuri, bila kosa lolote, na hakuna aliyesimama kuusikiliza. Kikundi kikavunjika chenyewe. Nikawa mwalimu, kisha prefe, nikaanza kuwaambia vijana kwamba roki imekufa, na jinsi nilivyosema mara nyingi ndivyo nilivyoonekana mtu anayejua. Hilo ndilo linalonitia haya kuliko hata kipaza sauti: kwamba nililifanya kosa langu kuwa elimu, nikaifundisha.

Nilikufundisha hata wewe. Ulipokuwa mdogo nilikupakata, nikakushikisha nyuzi, na kwa kuwa mwendo ule mzito ndio uliobaki mwilini mwangu, nikakufundisha huo. Nikakuambia kwamba ndio wa asili. Nilikuwa najua si wa asili. Kisha ukakua, ukapata simu, ukaja mbio siku moja na wimbo wenyewe sikioni.

"Baba, sikia. Ile yenyewe iko mbio. Ya kwako iko inalala."

Maneno ya Amisi, Feza. Karibu neno kwa neno, na wewe hujapata kumwona. Unakumbuka nilivyokujibu? Nilikuambia kwamba simu zinaharibu muziki, zinauharakisha. Ulikuwa na akili kunizidi, ukanyamaza kwa adabu. Niliona kwamba hukuamini, na niliona pia kwamba hutaki kuniaibisha. Mtoto alinifanyia lile ambalo mimi nilishindwa kumfanyia rafiki.

Halafu ikaja siku ya ndoa. Uliuanza mbio, nikasema moyoni, sawa, amewafuata wa kwenye simu. Lakini ulipoushusha katikati, ukaanza kuzijaza zile nafasi, nilimsikia Amisi. Si mfano wake. Ni zile sauti zake ndogondogo zenyewe, zinazunguka na kurudi. Nani alikupa? Mimi nilikupa bila kujua, vidole vyangu viliziiba kwake na wewe ukazichukua kwangu. Nawe ulikuwa umezifanyia jambo ambalo yeye hakufikia kulifanya, umezitia ndani ya wimbo ulioanza mbio, na watu wamesimama. Ningepaswa kufurahi. Niliogopa. Nilihisi watu wote wanasikia kile ninachosikia, na kwamba sasa hivi mmoja wao atasimama aniulize: na mashine? Ndipo nikaomba kile kipaza sauti. Hawakunipa, kama nilivyoandika hapo juu. Nilikiomba.

Umenishika mara nyingi na swali lako: kama roki imekufa, mbona vijana wa Goma na Lubumbashi wanaipiga? Nilikuwa nakujibu kwa majina ya wapigaji waliokwisha kufa, kana kwamba kuhesabu makaburi ni jibu. Leo nakujibu bila kujificha: sijui. Ya dunia siijui. Pengine huko ilikotoka wazee wanapiga nyimbo zile zile kwa watu wenye mvi wanaolia, na pengine kuna kijana mahali fulani anayeifumua upya kama Amisi alivyofumua breki ya baiskeli. Ninachokijua ni cha hapa. Hapa Kasongo ilikuwa hai wakati wa zile batri zilizoanikwa juu ya mabati, wakati tulipokuwa tumekosea na hatujui. Na mimi nilipojua, nikaona haya, nikauacha ule uliokuwa hai kwa sababu haukufanana na ule wa kwenye disiki. Nilikuwa nalilia wimbo ambao hatukuwa nao hata siku moja. Tuliokuwa nao niliufukuza kwenda Wamaza.

Amisi yu hai. Mwendesha pikipiki atakayekuchukua kesho ni mtu wa kule, nimemwuliza. Anasema ni mzee mwenye meza yake kando ya barabara, anatengeneza radio na simu, anavaa miwani ya kamba. Nilikwisha kumwona pale mimi mwenyewe, wakati ule nilipopita Wamaza nikipelekwa Kabambare kusimamia mitihani. Pikipiki ilipunguza mwendo kwa sababu ya mbuzi barabarani. Alikuwa ameinama juu ya kitu, anapuliza vumbi. Nilishusha kofia usoni, nikamwambia dereva aendelee. Basi usifikiri ni ujana tu ulionifanya vile. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, na nilishusha kofia.

Kesho mtalala Wamaza. Sikuombi umpelekee salamu zangu, sina haki ya kumtumia salamu. Nakuomba umpelekee gita yake. Nimeweka kalamu chini kwanza, nimeiteremsha ukutani. Imenichukua muda, mama yako alitaka kunisaidia nikakataa. Nyuzi nimezilegeza kwa mikono hii mpaka chini, mpaka pale zilipokuwa zikivuma. Nimeifunga juu ya mzigo wako kwa mpira wa baiskeli. Usizikaze tena kabla hajaigusa. Akiigusa tu uzi wa juu atajua umetoka nyumba gani.

Akiichukua, iache. Ni yake, nawe utapata nyingine, ninakuomba kwa moyo wote upate nyingine. Akikurudishia, basi ni zawadi yake kwako, si yangu tena, na hakuna mtu wa nyumba hii atakayekuambia ni nguo ya marehemu. Mpigie ule wimbo kama ulivyoupiga kwenye ndoa, mbio kwanza, halafu uushushe. Ukifika pale katikati utamwona uso wake. Niangalizie. Ningetoa nilicho nacho chote niuone.

Najua ninakutwika mzigo uliokuwa wangu. Unaweza kukataa. Unaweza kuufungua ule mpira asubuhi, ukairudisha gita kwenye msumari, na sitasema neno. Mimi ndiye niliyekufundisha kuiacha.

Lakini ukienda, kuna jambo moja ninaloomba ulifanye namna hii na si namna nyingine. Usimwambie ndani ya nyumba. Ngoja awe mezani kwake, kando ya barabara, wateja wamekaa, watoto wamejaa kuangalia gita. Nilimkana mbele ya watu, sitaki asafishwe faraghani. Sema kwa sauti ya kusikika, kwa Kiswahili chetu, wote waelewe. Sema: baba yangu wa Kasongo amenituma. Anasema mashine ilikuwa imechoka, na yeye alijua.

Baba yako